Muuza mchele kwenye sahani ya Koko

Leo muuza mchele amekula akashiba, bila kujua kwamba hakula mchele.

Ilikuwa shufleri, rafiki zangu, ile kabichi ya maua meupe inayotoka Goma. Niliikwaruza ikawa chembe ndogo kama za wali, nikaikaanga na tangawizi, vitunguu na manjano, kwa ajili ya Koko, mama yake Baba. Kyubu za dukani, vile viungo vya mchuzi, humvimbisha midomo, na sufuria nyingine zote zilikuwa na kyubu.

Lakini mgeni hupakuliwa kwanza. Mama akadhani ni wali, akampa mgeni wa Baba, yule muuza mchele, sahani ya Koko.

Nilisimama pale na maji ya kunawa. Sahani ya mgeni hairudishwi. Koko angekula nini?

Koko akaingia, akanawa, akaketi kando ya mgeni.

“Mutoto wangu, tule pamoja.”

Mgeni akasogeza sahani katikati. Wakala, wakaimaliza.

“Citoyenne,” akaniambia, yaani mwananchi, “mchele huu laini ni wa mashamba ya Kasongo?”



“Iko kabichi,” Koko akajibu.

Mgeni akacheka hadi akakohoa. “Musiambie wateja wangu.”

Midomo ya Koko haikuvimba, na kesho anataka tena.

Nimewaambia ninyi tu. Mngekuwa mimi, mngenyamaza?