Aliyemwona Ghalani

Mwaka juzi ngariba wa kwetu Nyansurura waliacha kazi hadharani, kwenye uwanja wa shule. Walitumbukiza visu vyao kwenye beseni, wakapewa kitenge kila mmoja, kisha mshereheshaji akauliza kwenye kipaza sauti, "Tumewasamehe?" Watu wakaitikia, "Tumewasamehe!" Mimi na mama tulikaa nyuma, na damu ilinichemka. Tumewasamehe sisi akina nani? Wengi walioitikia walikuwa na mabinti zao wazima pembeni.

Sisi tulizika. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi kumi na mitatu, na Desemba ile tulipangiwa kukeketwa siku moja. Asubuhi hakuonekana. Walimtafuta mtoni, wakamtafuta kwa shangazi, mpaka mama akachoka. "Basi, aachwe," alisema. "Atakwenda msimu mwingine."

Mimi nilijua alipo. Alikuwa kwenye ghala la mtama, amejifunika magunia, ananisubiri nimpelekee uji ili atorokee nyumba salama ya wasichana wanaokimbia kukeketwa. Lakini wenzangu walishaanza kunicheka kwamba kwetu tunafuga msagane, msichana asiyekeketwa, na mimi nilitamani kuvishwa kanga mpya na kuzungushwa kijijini kwa vigelegele. Niliona ataniharibia siku yangu. Nikamfuata ngariba, nikamnong'oneza. Kabla jua halijazama tulikuwa na msiba.

Tangu hapo mama hakumsalimia yule ngariba, hata wakikutana kanisani. Alimwambia kila mtu kwamba yeye alishasema mtoto aachwe, huyo mwanamke ndiye aliyekwenda kumfukua. Nani alimwita ngariba nyumbani kwetu, hakuna aliyemuuliza. Nami nilinyamaza. Nikaolewa kijiji cha Nkende, nikafungua kibanda cha kushona, na chuki ya mama nikaifanya yangu. Ilinifaa sana, kwa sababu nikiwa namchukia yule sikupata nafasi ya kujitazama.

Sherehe ilipoisha, mama alikwenda kuchukua soda. Yule ngariba akanijia, mgongo umepinda. Sikumpa shikamoo. Akapiga magoti mbele yangu, mtu wa umri wa bibi yangu, nikaona aibu watu wakituona.

"Mwanangu, nisamehe."

"Si wameshakusamehe kwa kipaza sauti? Kwangu unataka nini tena?"

"Wale sikuwaulia mtu."

"Ulimtoa mtoto alikojificha!"

Alinitazama bila hasira. "Mama yako aliniuliza nani amenionyesha. Nikasema nimemwona mwenyewe. Wewe ulikuwa mtoto, na ulikuwa umebaki peke yako kwake. Mpaka leo anajua ni mimi."

Miaka yote hiyo nilimtukana moyoni, kumbe alikuwa amebeba kosa langu juu ya lake. Mimi ndiye niliyestahili kupiga magoti. Nyuma yake nikamwona mama anakuja na soda mbili, amekunja uso kwa kunikuta na adui yake. Yule bibi hakumwona, akaendelea, "Siku ile uliponijia..."

"Nimekusamehe," nikamkatiza. "Nimekusamehe, inuka, nenda."

Akanishika mikono yote miwili, akalia, akanishukuru.