Anwani ya Mama Cherehani

Mama Cherehani ametengeneza cherehani za watu kwa miaka ishirini na sita, na sijasikia amemrudishia mtu mashine akisema imeshindikana. Ndiyo maana siku aliyoketi mbele ya meza yangu, kucha zimejaa mafuta ya mashine, hakunielewa kabisa nilipomwambia haiwezekani.

Mimi ni wakala wa majina ya mtandao, yale yanayoishia na herufi mbili za nchi. Daftari kuu liko kwa msajili wa taifa. Sisi mawakala tunapeleka maombi tu. Jina la karakana yake alilisajili mumewe, kupitia wakala mwingine aliyekwisha kufunga ofisi. Mume naye akafariki. Vikumbusho vya kulipia upya vikaenda kwenye barua pepe ya marehemu, na nani angeifungua? Muda ukaisha, jina likazimwa, na barua pepe za nyumba nzima zikazimika nalo.

"Basi lihamishie kwako, mwanangu, nilipe sasa hivi."

"Kulihamisha kunataka namba ya siri, mama. Inatumwa kwa barua pepe ya mwenye jina."

"Ipi?"

Nikamsomea. Ilikuwa ndani ya jina lile lile lililozimwa. Marehemu alikuwa amefungia ufunguo ndani ya nyumba.

"Mzee wangu huyo!" akacheka. "Hata miwani alikuwa anaitafuta huku kaikalia." Kisha akalia, palepale mbele ya wateja, akanieleza jambo lenyewe. Mwanawe wa pekee alikuwa kazini ng'ambo, kwa mwajiri aliyewanyang'anya wafanyakazi simu. Kila wiki tatu hivi aliazima simu ya mtu, akaandika mistari miwili kwenye anwani ya barua pepe ya mama, ambayo ndiyo pekee aliyoikariri. Kila mara simu ya mtu mwingine, na kila mara akiongeza: usijibu hapa, utamponza mwenye simu.

Msajili alitaka cheti cha kifo na barua ya mirathi ndani ya siku thelathini, la sivyo jina lifutwe. Cheti alikuwa nacho. Mahakamani wakampiga danadana: njoo kesho, njoo Jumatatu, karani yuko likizo. Mfa maji haachi kutapatapa. Asubuhi alishinda mahakamani, mchana kwangu, akiuliza siku zimebaki ngapi. Kumi na moja. Nne. Niliandika barua tatu kwa msajili, nikajibiwa kanuni ni kanuni. Nilitamani kuitupa kompyuta dirishani.

Siku ya thelathini na moja likafutwa, likawa huru kwa yeyote kulisajili. Dakika ile ile nikalisajili upya, safari hii yeye mwenyewe akiwa mmiliki. Anwani yake ikafunguka, haina kitu.

"Akiandika sasa itaingia?"

"Itaingia, mama."

"Na kama aliandika siku zile?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Ilimrudia. Aliambiwa anwani hii haipo."

Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Siku anaondoka nilimwambia, mwanangu, maadamu niko hai nitakuwa nafungua barua zako. Siku anwani hii ikikukataa, ujue mama yako hayupo."

Nimelilipia jina hilo miaka kumi mbele. Huu ni mwaka wa pili, na kila asubuhi mama hupita kwangu tuangalie pamoja. Haijaingia hata moja.