Alama Tisini na Saba za Kuchomelea

Nilipata alama tisini na saba katika kuchomelea vyuma, na sijawahi kuunganisha vyuma viwili vikakaa pamoja hadi jioni.

Msinicheke kwanza. Sikuiba mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa umefutwa.

Chuo chetu cha ufundi kilikuwa kimeamka na jambo jipya: Mkoba wa Umahiri. Si mkoba wa kubeba. Ni ukurasa wako mtandaoni. Unapakia picha za kazi yako hatua kwa hatua, halafu mtahini aliyeko ofisini, ambaye hata harufu ya karakana haijui, anakupa alama huku akinywa chai.

Sharti moja tu: uso wa mwanafunzi uonekane.

Sasa, ndugu zangu, uso wa mtu anayechomelea uko wapi? Uko ndani ya kofia ngumu yenye kioo cheusi. Ukiivua cheche zikiruka, fani yako inayofuata ni kupapasa ukuta.

Lakini aliyetunga sharti ni msomi. Nani ambishie?

Darasani tulikuwa na dada mmoja tuliyemwita Mama Kofia, maana hakuivua hata akiulizwa jina. Akichomelea yeye, mwalimu alikuwa anasogea kutazama. Aliishi sebuleni kwa dada yake, yeye na watoto wake wawili, akisubiri cheti apate kazi, apange chumba chake.

Simu yake ilikuwa ya tochi. Yangu ina kamera tatu.

Basi akaniomba nimpigie picha na kumpakilia. Nikampiga nyingi, kwa moyo mweupe kabisa. Kisha nikazitazama vizuri. Mtu aliyevaa kofia ni mtu aliyevaa kofia, au siyo?

Nikazipakia kwangu. Mwishoni nikaongeza moja: mimi, kofia mkononi, natabasamu kando ya kitanda cha chuma alichokimaliza yeye.

Kwake nikapakia zilezile, isipokuwa moja, ile ambayo alikubali kuvua kofia kwa ajili ya sharti.

Mkoba wake ukarudishwa: uso hauonekani. Akaniuliza kuhusu ile picha. Nikamwambia imefutika. Akanishukuru kwa kujaribu.

Nilikosa usingizi? Wapi. Nililala fofofo.

Karakana moja ya vitanda vya hospitali ikawa inataka fundi mmoja. Mwenye karakana, mzee mpole, akafungua mikoba yote iliyofaulu, akanipigia mimi. Nikasaini mkataba asubuhi, ovaroli jipya linanukia duka.

Akanipa mguu wa kitanda niuunganishe.

Kijiti cha kuchomelea kikaganda kwenye chuma. Nikavuta, kikaganda tena. Nilichotoa mwishoni kilikuwa kama uji uliofurika sufuriani. Mzee akaugusa ule mguu kwa kiatu, ukaanguka. Za mwizi ni arobaini; zangu hazikumaliza hata saa moja.

Nikaanza kulaumu umeme. Akanisikiliza hadi nikamaliza, kisha akatoa simu yake.

"Mtu wa kwenye picha anashika kwa mkono wa kushoto," akasema. "Wewe umesaini kwa wa kulia."

Nikauficha mkono wa kulia mfukoni.

"Nilishuku kabla sijakupigia: kwenye picha ya tabasamu, kofia umeishika kwa kulia. Pembe za ndani za vitanda hivi zinanisumbua miaka, zinataka mtu wa mashoto. Ningekuuliza kwenye simu ungenidanganya. Sasa nipeleke kwake."

Tukamkuta uani kwa dada yake, anafua nguo za watoto. Mzee akamweleza kila kitu. Yeye akanigeukia mimi.

"Ile yangu ya bila kofia bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Nikamwonyesha. Akaitazama, mikono ina povu.

"Kumbe haikufutika," akasema.

Basi, akarudi kufua. Bora angenitukana. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Kesho yake akaanza kazi, bila cheti. Mwezi uliofuata akahamia chumba chake.

Nimejifunza nini? Ukitaka kumjua fundi, mpe kazi, usimpe kamera. Na ukiombwa na mwenzako umpigie picha, mrudishie uso wake.

Mimi chuo kimenibandika kwenye bango langoni: mwanafunzi bora wa Mkoba wa Umahiri, meno yote nje. Nimekwenda mara mbili kuomba walishushe, nikawaambia wazi kwamba sijui kuchomelea.

Wamenijibu nipakie ushahidi.