Maksai Mwekundu wa Shemeji

Kuna punda wanaozaliwa na mkosi. Wangu alizaliwa nao wote. Hapa Kinyangiri ukisikia pikipiki ya bwana mifugo inakohoa pale kona ya kanisa, huna haja ya kuuliza inakwenda wapi. Watoto wanaitangulia mbio wakipiga kelele, "Punda wa mama kaanguka tena!" Na kweli kaanguka. Alitumbukia kwenye shimo la choo ambalo jirani alikuwa hajalijengea, tukamtoa kwa kamba, mbao na matusi. Akapona, akajichana kwenye seng'enge ya shule. Akapona tena, akala mfuko wa nailoni uliokuwa na chumvi, tumbo likamjaa akawa hapiti mlangoni.

Kila mara ni daktari. Mafuta ya pikipiki yake nalipa mimi, sindano ya pepopunda mimi, dawa ya kidonda mimi, na dawa isipopatikana huku napanda basi hadi Singida Mjini kuifuata. Dada yangu anakaa Utemini. Nikifika kwake na chupa ya dawa mkononi anacheka mpaka anakaa chini.

"Hata marehemu mumeo hukumuuguza hivi!" anasema. "Si umuuze, ununue mkokoteni?"

"Na mkokoteni utavutwa na nani? Wewe?"

Sikumuuza, na sababu siyo mapenzi tu. Mume wangu alipofariki aliniachia watoto, nyumba na huyo punda. Yeye ndiye anabeba madumu ya maji kutoka kisimani, na mimi nawauzia wanaopika pombe na wanaofyatua tofali. Punda akilala, na sisi tunalala njaa.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alilijua hilo vizuri sana. Tangu siku ya matanga alikuwa anamtazama yule punda kama fisi anavyomtazama mbuzi kilema. Kudai mbele za watu aliona haya. Alichofanya ni kuazima. Na huku kwetu mnyama wa kazi hanyimwi mtu. Ukimnyima mwenzako punda wakati wa mavuno, siku yako ya kupalilia utaita watu, utapika togwa, na togwa itachacha bila kuona jembe hata moja. Kwa hiyo shemeji akija na kamba begani, namwambia, "Mchukue."

Sasa alivyokuwa anamrudisha! Mara ana kidonda mgongoni, maana alipakizwa magunia ya alizeti yakakazwa kwa waya badala ya kamba. Mara anachechemea. Mara jicho limevimba, na anaruka kila mtu akipita nyuma yake. Nikiuliza, shemeji anajichekea. "Shemeji, huyu mnyama wako si unamjua? Anajikwaa hata kwenye kivuli chake." Pole hakusema. Hela ya dawa hakutoa. Nilikuwa nakiosha kile kidonda kwa maji ya chumvi, punda anatetemeka, na mimi namlaani mtu kwa Kinyiramba, maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi.

Nikaenda kushtaki kwa wazee wa ukoo. Tulikaa uwanjani kwa baba mkubwa, kaka yake baba mkwe wangu, nikasema yangu yote. Shemeji akasimama. Alikuwa amevaa koti la mume wangu.

"Wazee wangu," akasema, "huyu punda anaumia hata akiwa zizini. Mimi nikianza kulipia kila jeraha lake nitafilisika. Nasema hivi: mnyama akiumia, anayemtibu ni mwenye mnyama. Na mwenye mnyama akishindwa kumtibu, amwachie anayeweza."

Alipomaliza akanitazama, na hapo nikauelewa mchezo wote. Hakutaka punda wa kuazima, alimtaka punda mwenyewe. Angenirudishia majeraha hadi siku nitakayoshindwa kuyatibu. Wazee wakatikisa vichwa wakisema limenenwa neno.

"Mwanangu, umesikia?" baba mkubwa akaniuliza.

"Nimesikia, baba."

Nikasikia na nikaweka. Kile kidonda nilikitibu mwenyewe, nikauza kuku hadi banda likabaki na jogoo anayewika peke yake. Shemeji nikawa namsalimia vizuri, namuulizia watoto, namuulizia mgongo. Mke wake akawaambia watu kwamba siku hizi nimekuwa mpole. Mpole? Thubutu! Kila asubuhi nilikuwa naamka na yale maneno ya shemeji, nayarudia kimoyomoyo nisije nikapoteza hata moja.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikajifunga kanga, nikaenda kwake. Shemeji ana maksai wawili. Mmoja wao, mwekundu, anampenda kuliko watu wa nyumbani mwake. Anamkuna shingo na kumwimbia.

"Shemeji, naomba maksai nikalime kile kishamba cha nyuma ya nyumba."

Uso ukamkunjamana. Lakini angesemaje, na majirani wamekaa pale wanakoboa? "Uwatunze," akasema.

"Kama unavyomtunza wangu," nikamjibu.

Na nililima kweli. Sikuwachapa, na maji niliwapa. Kazi ilipokwisha nikaliacha plau pale uwanjani, nikawafunga wapumzike. Yule mwekundu nilimfunga nyuma ya punda wangu, karibu kabisa.

Mtanisema. Semeni. Kijiji kizima kinajua kwamba yule punda hapendi kitu kisimame nyuma yake, na aliyemfundisha hivyo ni shemeji. Mimi niliingia jikoni kutenga maji ya ugali. Maji hayajachemka, nikasikia teke, kisha maksai akalia.

Shemeji alikuja mbio, na mke wake, na majirani, na baba mkubwa anajikongoja na fimbo yake. Maksai alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, goti limevimba.

"Utalipa!" shemeji akapiga kelele. "Wallahi utalipa!"

Kwanza nikapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema baba mkubwa.

Ndipo nikasimama, nikamgeukia shemeji. "Shemeji, mnyama akiumia, anayemtibu ni mwenye mnyama. Mwenye mnyama akishindwa, amwachie anayeweza. Mimi naweza. Nimchukue?"

Aliyeanza kucheka ni mke wake. Alijaribu kujifunika kwa kanga, wapi! Baba mkubwa akasema, "Mkuki kwa nguruwe…" akaishia hapo, akaketi. Moyo wangu ulikuwa mweupe pee.

Bwana mifugo akaitwa. Akamchoma maksai sindano, akamfunga goti, akasema mwaka huu huyu halimi. Shemeji alihesabu hela, na msimu ule alilima kwa jembe la mkono, mimi nampita kila asubuhi na madumu yangu, namwambia pole na kazi. Punda wangu hajamwazima tena.

Lakini siku ile daktari alipokuwa anafunga mkoba wake, akamtazama punda. "Mama," akasema, "na huyu kapasua kwato."

Si nilisema ana mkosi? Lile teke lilimpata maksai gotini, kisha likaenda kumalizikia kwenye chuma cha plau. Nikafungua pindo la kanga, nikatoa hela palepale, shemeji anaangalia.

"Leo mbona huombi nikupunguzie?" daktari akaniuliza.

"Hii hata ukiniongezea nalipa," nikamwambia.