Shikamoo Isiyokwisha Getini kwa Mama Suzana

Mpaka leo nikipita Ngokolo kuna watu wananiita Marahaba, wala si jina langu, mimi naitwa Mabula, na kwa kuwa kuzungumza mbele za watu kunanishinda nimeona bora niandike taratibu jinsi aibu hii ilivyonipata, ili wanaonicheka wacheke wakiwa na habari kamili.

Kazi yangu iko Nyarugusu, kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ilipoharibika nikaenda Shinyanga kumtembelea dada yangu Minza, anayesoma chuo kikuu na amepanga chumba kwa Mama Suzana, huko Ngokolo. Nilimkuta amekonda. Somo la kuandika programu za kompyuta lilikuwa limemtupa kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, nao ulikuwa Jumatatu, na akifeli tena anadisko, yaani anafukuzwa chuo, anafungasha na kurudi nyumbani kulima pamba na mama (ambaye alishalitangazia kanisa zima kwamba bintiye anasomea kompyuta).

Rafiki yake Zawadi, aliyefaulu, ndiye aliyekuwa anamfundisha. Akasema tatizo la Minza ni moja, anaandika amri akidhani kompyuta itajaza yenyewe palipobaki. "Tunahitaji kompyuta ya mtu," akasema, kisha wote wawili wakanigeukia mimi, niliyekuwa nakula zangu kiazi.

Jumamosi asubuhi Minza akaniandikia amri za kupika chai. Alisahau sukari, alisahau hata kuandika niwashe jiko, lakini mimi nikawasha, nikatia sukari na tangawizi kidogo. Zawadi akanywa mpaka akamaliza.

"Chai tamu, Mabula. Lakini umetuharibia."

"Nimekosea wapi?"

"Umetumia akili. Kompyuta haina akili. Ukimfichia makosa leo, Jumatatu nani atamfichia?"

Maneno yale yaliniingia. Nikaamua (na uamuzi huu ndio ulioniponza) kwamba siku ile sitatumia akili hata chembe, kisichoandikwa sikifanyi, hata nyumba iungue. Nikamwapia dada yangu.

Akaandika karatasi ya pili, ya kusalimia wageni, mistari mitatu tu: Kama kuna mtu mbele yako, sema shikamoo. Subiri aseme marahaba. Rudi mstari wa kwanza. Wakanisimamisha kwenye geti dogo, la kupita mtu mmoja (lile kubwa limekwama mchangani tangu mvua), wakasema wanakimbia dukani kununua maandazi, akitokea mtu nianze.

Sasa, wote tulijua kwamba siku ile Suzana, binti wa mwenye nyumba, anakuja kuposwa na watu wa Kishapu, lakini walisema saa tisa, na wageni wa posa ni nani aliyewahi kuwaona wakiwahi? Hawa walipata lifti. Saa tano na nusu mbele yangu akasimama mzee mrefu mwenye fimbo, nyuma yake shangazi wawili na makreti ya soda kichwani, kijana mwoaji ndani ya suti inayombana, na kasichana kadogo kamebeba khanga.

"Shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

Hujambo haikuwemo kwenye karatasi. "Shikamoo."

Ilipofika ya saba mzee akageuka nyuma. "Hawa watu wa mjini wana mila gani?"

"Wanatupima heshima," shangazi mmoja akasema. "Wewe itikia tu, kaka."

Akaitikia, tena kwa sauti ya kanisani. Mwoaji akataka kunisukuma, shangazi akamvuta koti. "Utamsukuma shemeji yako kabla hujapewa mke?"

"Basi, baba, usimwitikie," mwoaji akasema.

Mzee akanyamaza. Mimi nami nikanyamaza, maana mstari wa pili unasema nisubiri. Tukatazamana. Kicheko kinanipanda, lakini kucheka hakukuandikwa. Midomo ya mzee ikaanza kutetemeka.

"Siwezi," akasema. "Mtoto wa watu kanisalimia, nimwache hivihivi? Marahaba."

"Shikamoo."

Mama Suzana akatokea nyuma yangu na mikono ya unga. "Mabula, una wazimu? Wapishe wageni wangu." Kupisha nako hakukuandikwa. Akanishika shati, nikalishika geti, shati likachanika, majirani wakaleta vigoda.

Ndipo Minza akarudi na Zawadi, akakuta migongo ya ukoo mzima. "Mabula, acha!"

Nikainua ile karatasi juu ya vichwa vyao. Akaitazama, na nikaona uso wake unabadilika kama mtu aliyekumbuka alikoweka funguo.

"Zawadi, nimeona," akasema. "Inarudi mwanzo tu, haina pa kutokea."

Karatasi ikaenda kwake mkono kwa mkono, akaketi juu ya kreti la soda za posa akaandika, ikarudi mkono kwa mkono. Mimi husoma polepole, kwa kidole, na wageni wote wakanisubiri. "Kama... umeshamsalimia... mpishe."

Nikampisha. Mzee alipita kama anayekimbia mvua. Nikawaamkia shangazi, nikamwamkia mwoaji (nimemzidi miaka minne), nikakaamkia na kale kasichana ka khanga, nako kakaitikia "marahaba" bila hata kupepesa.

"Hukuandika umri," Zawadi akasema.

"Naandika," akajibu Minza, na kweli alikuwa anaandika.

Posa ilikubaliwa, mzee alisema nyumba yenye adabu nyingi kiasi kile hajawahi kuiona. Minza alifaulu. Aliniambia kila alipoandika rudi mwanzo, alinikumbuka nimesimama getini na karatasi yangu, akatafuta kwanza pa kutokea.

Nimemwahidi nitakuwa kompyuta yake tena akitaka, ila ndani ya chumba, mlango umefungwa, na getini kwa watu sisimami tena maisha yangu yote.

Siku ya harusi nilijificha nyuma ya masufuria ya pilau, lakini mzee akaja na sahani yake akanikuta. Nikasema shikamoo, moja tu, kwa sauti ndogo. Hakujibu. Akanitazama, akaitazama njia.

"Kwanza nipishe," akasema.

Nikampisha. Alipofika mbali kabisa, kule kwenye turubai, ndipo akageuka.

"Marahaba."