Yowe la Karanga

Jumapili ile kulikuwa shwari. Koo zetu mbili, sisi na wale wa ng'ambo ya korongo, tulikuwa tumepumzika kurushiana mishale. Mume wangu Chacha alikuwa malishoni, mimi napepeta ulezi uani. Mama mkwe akampa mwanangu Robi, wa miaka miwili, karanga nzima za kukaanga. Namtaja kwa sababu mpaka leo anakataa.

Robi alikuwa anakimbia huku anacheka. Kicheko kikakatika.

Hakukohoa. Hakulia. Mdomo wazi, sauti hakuna, midomo inakuwa ya bluu.

"Mpe maji!" mama mkwe akasema.

"Mama, maji yapite wapi?"

Shemeji Marwa, mdogo wake Chacha, akaja na kidole aingize mdomoni kutafuta. Kidole kimetoka kuchuna mbuzi! Tena kingeisukuma karanga ndani zaidi. Nikakichapa kwa ungo. Akatoka nje mbio, akapiga yowe.

Sasa kwetu yowe likipigwa mwanaume haulizi. Anajua ng'ombe wameibwa. Anashika upinde, anakimbia.

Nikamlaza Robi mapajani, kichwa chini, kama muuguzi wa kliniki alivyotuonyesha. Nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega, mara tano.

Kimya.

Nikamkumbatia kwa nyuma, ngumi juu kidogo ya kitovu, nikavuta kwa ndani na juu. Tena. Tena.

Karanga ikaruka, ikampata mama mkwe shavuni. Robi akalia. Kuinua macho, uani kumejaa wanaume na pinde zao.

"Ng'ombe wameelekea wapi?" mzee mmoja akauliza, anahema.

"Shikamoo baba. Hakuna ng'ombe. Ni karanga."

"Wameiba karanga?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kumbe wa ng'ambo nao walisikia yowe, wakajua tunawavamia, wakashuka na silaha. Na Chacha alilisikia huko malishoni. Alikimbilia korongoni kuwakatia wezi njia, peke yake.

Aliyeachia mshale sikumwona, simtaji. Marwa namtaja. Kila nikimlaumu anajibu, "Shemeji, si mtoto alipona?"

Alipona. Lakini Chacha nilimkuta hapumui. Nikamgeuza, nikampiga katikati ya mabega, hivyohivyo, mpaka wanaume wakanishika mikono.