Sale Juu ya Meko

Niseme mapema ili tusisumbuane: katika mtaa wetu hapa Cedar Hill hakuna mtu anayepamba rafu ya meko kwa Pasaka akanifikia mimi. Wapo wanaojaribu. Jirani wa kushoto hupanga sungura wa udongo kuanzia mwanzo wa rafu mpaka mwisho, kama watoto wa shule wanaosubiri uji, halafu anawazungushia taa za rangi. Wa kulia ndiye hata usiseme. Anaweka picha za wajukuu mwaka mzima, na Pasaka inamkuta na wajukuu wale wale.

Na mimi nimezaliwa Kibosho, kwetu Uchagani, ambako meko ni mahali pa kupikia na moshi wake unaujua kwa macho. Siku tulipokuja kuitazama nyumba hii nikaona meko yamejengwa ukutani sebuleni, kwa matofali mazuri, na juu yake rafu nene ya mbao. Nikamuuliza yule mama aliyekuwa anatutembeza, "Hapa mnapika nini?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe hapapikwi kitu, hata chai! Ni moto wa gesi wa kuangalia tu, na kwa joto hili la Texas hata kuuangalia ni adhabu. Kazi yote iko kwenye ile rafu, na kazi ya rafu ni kupambwa. Nikasema haya, kama ni hivyo, nitapamba kuwashinda wenye kwao.

Ufundi nilifundishwa na bibi mmoja wa Plano niliyekuwa namtunza, sasa ni marehemu. Hakuweza kuinuka kitini, lakini alikuwa ananiamrisha kwa fimbo kutoka pale pale. Kirefu kikae pembeni, usikiweke katikati kama mshenga. Kifupi kiegemee kirefu. Acha nafasi ya jicho kupumzika. Na kila kitu kishikane na mwenzake, kiasi kwamba mtu akipita kwa nguvu hakuna kinachodondoka. Mimi nikaongeza ya kwangu. Kwaresima yote rafu yangu inavaa kitambaa cha zambarau, bila ua, bila yai, ifunge kama sisi tunavyofunga. Jumamosi Kuu zambarau inatoka. Kinaingia kitambaa cheupe nilichofuma mwenyewe, mshumaa mnene, mayai niliyoyachemsha na maganda ya vitunguu mpaka yakawa na rangi ya udongo mwekundu, na shada refu la majani.

Sungura sitaki. Kila mwaka binti yangu, mwenye miaka kumi na saba, ananunua sungura wa kitambaa, na kila mwaka namfukuza sungura huyo.

"Lakini mama, ni Pasaka," huniambia kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, ila mdomo wake umeshahamia huku.

"Sungura alifufuka lini?" namuuliza.

Sasa Pasaka ya mwaka jana rafu hiyo ilikuwa na mgeni wa kumpokea. Dada yangu alikuwa anakuja kutoka Houston, na mimi na dada yangu tulikuwa hatusemeshani tangu msiba wa baba, miaka kadhaa nyuma. Baba alipofariki, makaratasi yangu yalikuwa hayajakamilika. Ningetoka Amerika, nisingeruhusiwa kurudi, na nilikuwa na mtoto wa kulea. Dada yeye alikuwa ameshapata ya kwake. Akaenda, akamzika. Aliporudi, watu wa nyumbani walioko Houston wakaandaa misa ya kumwombea baba na chakula baada ya misa. Nikaenda. Ukumbi umejaa, watu wanakula, dada akashika kipaza sauti akashukuru wote, kisha akasema, "Wengine wetu waliipenda Amerika kuliko baba."

Hakutaja jina. Lakini baba alikuwa na watoto wawili tu.

Jamani, mtu anaweza kuchomwa kisu akiwa ameshika sahani ya pilau? Mimi nimechomwa. Nilisimama, nikaiweka sahani juu ya kiti, nikaendesha gari mpaka nyumbani bila kuwasha redio. Tangu siku hiyo nilikuwa nataka kitu kimoja tu kwa dada yangu. Sikutaka zawadi, wala kukumbatiwa, wala ujumbe wa maua kwenye simu. Nilitaka aifute kauli ile kwa mdomo ule ule.

Mama, ambaye yuko Kibosho na hajali nani ana haki, ndiye aliyetoa amri. Alisema Pasaka hii anataka kutuona wote wawili kwenye simu moja, nyuso mbili zimekaribiana, na tusipofanya hivyo tusimpigie tena. Dada akatii. Akampigia binti yangu, si mimi, akamwambia atafika Jumamosi alasiri.

Kwa hiyo unaelewa rafu ile ilikuwa na kazi gani. Akiingia tu mlangoni, nilitaka aone mtu aliyetulia, anayejiweza, ambaye Pasaka yake imenyooka na hana shida ya kumbembeleza mtu. Asubuhi ile nilipamba kwa hasira, na siwezi kudanganya, sijawahi kupamba vizuri kama siku ile. Nikaacha pengo moja tu kwenye shada, karibu na mshumaa, maana majani yalikuwa yamepungua. Nikamwambia binti yangu aende duka la mimea atafute majani marefu ya kijani, yoyote, mradi yasiwe ya plastiki, alizibe lile pengo. Mimi nikaenda kanisani kusaidia kupamba altare kwa misa ya Kiswahili ya usiku wa Pasaka. Huko tuko Warundi wengi, Wakongo wengi, Wakenya kiasi, na sisi Watanzania wachache wenye maneno mengi.

Niliporudi, nikapitia jikoni kunywa maji. Kwenye sinki kuna chungu cha plastiki, kimekatwa mmea wake, kimebaki kisiki. Na ubavuni kimebandikwa karatasi yenye herufi kubwa nyekundu: SALE.

Roho iliniruka. Maana hicho kisiki nakijua. Wachaga wote wanakijua. Ni sale, yale majani marefu yenye ncha tunayopanda mipakani mwa vihamba, yale mashamba yetu ya migomba, na juu ya makaburi ya wazee. Na ukimkosea mtu mpaka maneno yakaisha, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa sale hakatai. Anaweza kuwa amekasirika kama chui, lakini hakatai. Nikasimama pale na glasi yangu, najiuliza: Texas wanalijua sale? Na wameliandika jina lake kabisa?

"Wee mtoto!" nikaita. "Dukani wamekwambia hili linaitwaje?"

Akaja, akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Mama. Hiyo ni bei imeshushwa."

Ndipo akili iliponirudia, na iliporudi ikaja na balaa. Nikakimbilia sebuleni. Lilikuwa pale. Jani moja refu, la kijani kibichi, limesimama karibu na mshumaa wangu kama limealikwa. Nilikuwa nimeweka sale juu ya meko, siku anayokuja dada yangu, mahali pa kwanza macho yake yatakapotua. Yaani mimi niliyetukanwa ndiye ninayeomba radhi! Mbele ya mayai yangu mwenyewe!

"Toa hilo," nikasema.

"Kwa nini? Limependeza."

"Toa!"

Akajaribu. Halikutoka. Mtoto alikuwa ametumia waya na ile gundi ya moto, amelifunga kwenye shada, shada kwenye kitambaa, kitambaa kwenye kinara cha mshumaa, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Nikavuta mimi. Rafu nzima ikaanza kunifuata. Nikaagiza mkasi, na kabla mkasi haujafika nikasikia mlango wa gari unafungwa nje. Kwenye kochi alikuwa amelala yule sungura wa mwaka huo, masikio yake marefu. Nikamnyakua, nikamsimamisha mbele ya jani, nikamnyoosha masikio yalifunike vizuri. Binti yangu akafungua mdomo.

"Funga," nikamwambia, na nikaenda kufungua mlango.

Dada alikuwa amepungua. Alikuwa na mkoba mdogo, na macho mekundu ya barabara ndefu. Amenizidi miaka tisa, kwa hiyo hata nikiwa na hasira ya namna gani, salamu ya kwanza ni yangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Binti yangu akamsalimia, akapokea mkoba. Dada akavua viatu, akaingia, akasimama katikati ya sebule akitazama rafu. Alitazama kitambaa, akatazama mayai. Niliona kabisa kwamba rafu imemkaa machoni. Basi nikavimba kidogo.

"Na sungura?" akasema. "Wewe? Umeanza lini mambo ya sungura?"

Akanyoosha mkono, akamwinua.

Dada alisimama na sungura mkononi, analitazama jani. Akamweka sungura chini taratibu, akageuka kwangu, machozi yameshafika.

"Umeweka sale," akasema. "Mdogo wangu. Basi yameisha. Nimekusamehe."

Hapo palikuwa na njia rahisi. Ningenyamaza tu. Tungekumbatiana, tungempigia mama, mama angepiga vigelegele, tungekula. Mtu mpole angefanya hivyo. Lakini nisamehewe kwa lipi? Kwa kutozika baba yangu mwenyewe? Nililia siku tatu nimejifungia bafuni ili mtoto asisikie, halafu leo nisamehewe?

"Sikuliweka mimi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Na sijakuomba radhi, dada. Kama kuna mtu wa kuleta sale katika nyumba hii, ni wewe."

Akashtuka. Akamtazama binti yangu. Na yule mtoto, ambaye kumtoa neno la Kiswahili ni kama kumng'oa jino, akainua mkono na kusema Kiswahili safi: "Ni mimi, mama mkubwa. Sikujua. Lilikuwa limeshushwa bei."

Nilidhani dada atachukua mkoba wake. Uso ulikuwa umemkauka, na tabia yake naijua, ni yangu pia. Akageukia rafu. Akalishika lile jani kwa chini na kulivuta. Likagoma. Akavuta tena, kwa mikono miwili, na gundi ikaachia, na shada lote likaja nalo, na kitambaa, na mshumaa, na mayai yakaanza kudondoka moja moja kwenye matofali ya meko, pa, pa, pa. Kazi yangu ya asubuhi nzima. Binti yangu akapiga yowe. Dada hakugeuka hata kuangalia. Alilinyofoa jani kwenye waya, akalikunja, akalifunga fundo, akaja mpaka mbele yangu akakanyaga ganda la yai. Akanishikia lile jani kwa mikono miwili.

"Basi nalileta mimi," akasema. "Ile kauli ya ukumbini naifuta. Nilimzika baba peke yangu. Kila aliyekuja kunipa mkono alikuwa ananiuliza, mdogo wako yuko wapi, na nilikuwa najua uko wapi na kwa nini, na bado nilikuwa nakuchukia kwa sababu hukuwepo kunishika mkono. Nikarudi nimejaa. Nikakumwagia wewe."

Nimeshasema, aliyeletewa sale hakatai. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba asikawie. Nilikawia. Nilitaka kuisikia ile "naifuta" ikizunguka mle ndani, kwenye kuta zangu, mpaka ichoke. Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa.

"Kaburini nilipanda masale mawili," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Moja langu, moja lako. Lako nililipanda nikiwa na hasira na wewe, lakini nililipanda."

Hili sikuwahi kulijua. Mama hakuniambia, hakuna aliyeniambia. Miaka yote ile nilikuwa naliona kaburi la baba kwenye picha za simu, na yale majani mabichi pembeni, na nilikuwa nadhani yote mawili ni ya dada.

"Limeshika?" nikauliza.

"Limeshakupita kimo."

Nikalipokea jani.